Kwa Nini Jasho Halinunui Wokovu

Mazishi mengi ya Kikristo kwetu yana kipengele kisichorukwa: wasifu wa marehemu. Msemaji wa familia husimama na karatasi yake akasoma kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa takatifu, alisomesha watoto wake na wa nduguze, alikuwa mwekahazina wa jumuiya, alichangia ujenzi wa kanisa, hakuwahi kugombana na jirani. Watu hutikisa vichwa kukubali. Mwisho huombwa kwamba kwa mema yote hayo Mungu amlaze mahali pema peponi. Kisha mchungaji huinuka na, kama alisoma vizuri chuoni, hutamka jambo ambalo likisikilizwa kwa makini linaifuta ile karatasi yote: kwamba hakuna hata tendo moja kati ya hayo lililomnunulia marehemu nafasi mbinguni.

Sijawahi kuona mtu akishtuka.

Pengine tumezoea kusikia yote mawili pamoja, au pengine hatuamini kweli lile la pili. Nalo si jambo dogo. Dini hii inaamrisha mengi: sala, sadaka, kufunga, kusamehe adui, kutunza wajane, kuacha uzinzi. Dini hiyo hiyo inafundisha kwamba mtu akiyatimiza yote bado hana cha kudai. Inakuwaje mfanyakazi apewe kazi nyingi kiasi hicho halafu aambiwe hana mshahara? Wakristo wamelijibu swali hilo kwa karibu miaka 2000, na majibu yao hayafanani. Wengine wanaanzia kwa Mungu, wengine kwenye ugonjwa wa binadamu, wengine kwenye hesabu ya deni. Kuyachanganya ndiko kunakofanya mahubiri mengi juu ya neema yasieleweke.

Tuanze na Paulo, kwa sababu naye alikuwa na wasifu. Katika barua kwa Wafilipi anausoma mwenyewe: alitahiriwa siku ya nane, ni wa kabila la Benyamini, Mwebrania halisi, Farisayo, mtu asiye na lawama katika sheria. Akishamaliza kuusoma anautupa, na neno la Kigiriki analotumia kwa kile anachokitupa lina harufu ya jalalani. Si kwamba anaionea haya historia yake. Anachokataa ni kuipeleka kwa Mungu kama hati ya madai.

Ugomvi wenyewe ulizuka Galatia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, ambako waumini wasio Wayahudi walikuwa wakiambiwa kwamba kumwamini Kristo hakutoshi, sharti watahiriwe na washike torati. Paulo aliona hatari pale wengine walipoona nyongeza ndogo tu. Sababu yake anaieleza vizuri zaidi katika barua kwa Warumi, sura ya 4, anapochukua mfano wa kibarua. Mtu akifanya kazi, ujira wake haumfanyi mwajiri kuwa mkarimu, maana ni haki yake. Aliyelima toka asubuhi akalipwa jioni hana sababu ya kupiga magoti, na asipolipwa anaweza kwenda kulalamika kwa mjumbe. Sasa mpeleke Mungu mahali pa huyo mwajiri. Wokovu ukiwa mshahara, Mungu anakuwa mdaiwa wa kila mtu mwadilifu, na mbingu inakuwa malimbikizo ya malipo. Kwa Paulo, hapo tumeshamwacha Mungu aliyemwita Ibrahimu na kujitengenezea mwingine anayefungwa na mikataba tuliyoiandika wenyewe.

Hapa lazima niseme neno kuwatetea Wayahudi, maana mimbari zetu zimewaonea. Kwa karne nyingi wahubiri waliwachora Mafarisayo kama watu waliokesha wakihesabu alama za kuingilia mbinguni. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, E. P. Sanders, alichapisha utafiti mkubwa juu ya Paulo na dini ya Kiyahudi ya Palestina, akaonyesha kuwa picha hiyo haisimami. Wayahudi wa zama zile waliamini kwamba wako ndani ya agano kwa sababu Mungu aliwachagua kwa hisani yake. Torati ilikuwa njia ya kuishi humo, haikuwa nauli ya kuingilia. Nadhani Sanders alikuwa sahihi juu ya Wayahudi. Lakini mfano wa kibarua bado uko palepale katika Warumi, na anayeguswa nao si Myahudi peke yake. Unamgusa yeyote anayedhani uhusiano wake na Mungu unaweza kuandikwa kwenye hati ya malipo.

Kiswahili chenyewe kinalijua hili kuliko wengi wanaokizungumza. Kitenzi okoa kina watoto wawili. Wa kwanza ni okolewa, umbo la kutendwa, ambalo linatangaza wazi kwamba yupo mwingine aliyetenda. Wa pili ni okoka, umbo la hali, kama vunjika na funguka. Kikombe kikivunjika hatusemi nani alikivunja, tunasema tu hali yake ilivyo. Ndivyo ilivyo kwa "nimeokoka": ni taarifa juu ya hali, na mtendaji amefichwa. Kwa kuwa amefichwa, tumejisahau tukamweka msemaji mahali pake. Siku hizi mtu "anaamua kuokoka", na kwenye mabango ya mikutano ya injili tunaamrishwa tuokoke leo hii, amri ambayo mtu aliye katikati ya mto uliofurika angeishangaa sana. Wafasiri wa Biblia walikuwa makini zaidi. Katika Waefeso sura ya 2, mahali ambapo mafundisho haya yamebanwa katika aya mbili fupi, walichagua umbo la kutendwa.

Jibu la pili, la ugonjwa, lilipikwa Afrika. Si vibaya kulikumbuka hilo, maana mjadala huu mara nyingi huletwa kwetu kana kwamba ulizaliwa Ujerumani. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo sasa ni Algeria, akawa askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba. Mpinzani wake, Pelagius, alitoka visiwa vya Uingereza akaenda Roma kufundisha maadili. Tusimdhihaki Pelagius. Aliukuta mji umejaa Wakristo wa jina, matajiri waliobatizwa ambao maisha yao hayakubadilika hata kidogo, na kila walipoonywa walisingizia udhaifu wa mwili. Aliposikia ikisomwa sala ya Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, inayomwomba Mungu atoe kwanza kile anachokiamuru, alikasirika. Kwake sala hiyo ilikuwa mto laini wa wavivu.

Mafundisho yake tunayaona vizuri katika barua aliyomwandikia Demetrias mnamo mwaka 413 au 414. Demetrias alikuwa binti wa mojawapo ya familia tajiri kabisa za Roma, iliyokimbilia Afrika baada ya Wagothi kuuteka mji mwaka 410. Alikataa ndoa akajiweka wakfu kwa Mungu, na familia ikaomba ushauri kwa walimu maarufu. Pelagius alimwambia kwamba Mungu ni mwenye haki, hawezi kuamuru lisilowezekana, basi kila alichokiamuru kinawezekana. Akaongeza kwamba mali na ukoo alivipata kwa wengine, ila utajiri wa roho hakuna awezaye kumpa isipokuwa yeye mwenyewe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtia Augustino wasiwasi, hata yeye na rafiki yake Alypius wakamwandikia Juliana, mama wa binti huyo, wakimwonya. Binti akiyasadiki hayo, walihofu, atajiona yeye ndiye chanzo cha utakatifu wake, na hilo lenyewe ni anguko.

Kwa haki, Pelagius hakuikana neema kwa jina. Kwake neema ilikuwa uwezo tuliozaliwa nao, torati iliyotuonyesha njia, mfano wa Kristo, na msamaha wa makosa yaliyopita. Mtu akishapewa hayo, kazi iliyobaki ni yake. Mahubiri mengi tunayoyasikia Jumapili, na hata katika semina za ujasiriamali, yangempendeza sana.

Jibu la Augustino linaeleweka vizuri kupitia kisa cha mapeasi. Akiwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliingia usiku katika shamba la jirani wakaukumba mti wote. Hawakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na matunda bora zaidi, na yale waliyoiba waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, bado alikuwa akijiuliza alitaka nini usiku ule. Jibu alilolipata lilimtisha: alilipenda kosa lenyewe. Hakukosa maarifa, maana alijua wizi ni dhambi. Hakukosa uwezo pia, kwani hakuna aliyemlazimisha. Kilichokuwa kibovu ni kile kinachotaka ndani yake. Ukimpa mtu wa namna hiyo sheria nzuri zaidi na mfano bora zaidi, umemwonyesha aliyepooza barabara ya lami. Barabara ni nzuri, ila yeye hatembei.

Hapa ndipo jibu hili linapolipita lile la kibarua. Paulo alisema Mungu hafanywi mdaiwa. Augustino anasema zaidi: hata kama Mungu angekubali kulipa, kazi isingefanyika, kwa kuwa mfanyakazi ni mgonjwa mahali pale pale ambapo nia huzaliwa. Juhudi haiwezi kumponya mgonjwa ambaye ugonjwa wake umo ndani ya juhudi. Mei 418 maaskofu zaidi ya 200 wa Afrika walikutana Carthage, karibu na Tunis ya leo, wakayalaani mafundisho ya Pelagius. Mwaka 529 mkutano mwingine, wa Orange huko Ufaransa, uliongeza kwamba hata ule mwanzo mdogo wa imani, ile hatua ya kwanza ambayo wengi wangependa kuihesabu kuwa yao, nayo ni zawadi.

Augustino alikwenda mbali kuliko ambavyo ningethubutu kumfuata. Uzeeni alifundisha kwamba Mungu amewachagua baadhi na kuwaacha wengine katika upotevu wao, na kwamba mtoto akifa bila ubatizo hukumu inamhusu. Makanisa ya Mashariki, yaani Waorthodoksi, hayakuubeba mzigo huo. Wao huzungumza juu ya wokovu kama uponyaji na kushirikishwa uhai wa Mungu, ambamo mgonjwa hushirikiana na tabibu kwa kumeza dawa. Lakini hata kwao, anayemeza dawa hakuitengeneza.

Jibu la tatu ni la daftari. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Ndani yake anamhoji mwanafunzi wake, Boso: ukimkosea Mungu, utamlipa nini? Boso anataja toba, moyo uliopondeka, kufunga, kazi, utii. Anselm anamjibu kwamba hayo yote unadaiwa hata kama usingetenda dhambi. Kila mwenye deni kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, atalielewa hili mara moja. Umekopa dukani sh. 50,000 tangu mwaka jana, nazo zimeandikwa kwenye daftari. Leo umenunua kilo ya sukari kwa fedha taslimu. Je, unaweza kumwambia Mangi aipunguze bei ya sukari kwenye lile deni? Atakucheka, maana umelipa cha leo na daftari liko palepale. Utii wa leo ni sukari ya leo, na mtu hana siku ya akiba ambayo haidaiwi na Mungu aitumie kufidia jana. Katika Luka sura ya 17 Yesu anakaribia hoja hiyo hiyo anapozungumza juu ya watumwa ambao, baada ya kumaliza yote waliyoagizwa, hawana la ziada la kujivunia.

Majibu hayo matatu yalikuwepo yote Martin Luther alipozaliwa mwaka 1483. Alichokileta yeye ni ushuhuda wa mtu aliyeijaribu njia ya jasho hadi mwisho wake. Julai 1505 radi ilimkosakosa karibu na kijiji cha Stotternheim, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Akaingia katika nyumba ya Waaugustino mjini Erfurt, akafunga, akakesha, akavumilia baridi. Aliungama kwa saa nyingi, hadi padri wake wa kiroho, Johann von Staupitz, akachoka kusikia vidhambi vidogo vidogo. Tatizo la Luther halikuwa uvivu. Kila alipotubu alijiuliza kama ametubu kwa kumpenda Mungu au kwa kuogopa moto. Akigundua ni hofu, basi toba ile nayo ilikuwa kujipenda, nayo ilihitaji kutubiwa. Huo ni ukuta ambao Pelagius hakuwahi kuugonga, labda kwa kuwa hakujichunguza kwa ukatili kiasi hicho.

Hapa naona kiini cha suala zima, nacho ni rahisi kukisema na kigumu kukimeza. Mtu anayefanya wema ili aokoke anajifanyia mwenyewe. Maskini anayepewa sadaka anakuwa ngazi, mgonjwa anayetembelewa anakuwa alama kwenye karatasi, na jirani anasaidiwa kwa sababu anafaa. Kadiri mtu anavyojitahidi kuununua wokovu kwa upendo, ndivyo upendo unavyozidi kuwa biashara. Yaani lengo linakiharibu kile kile kinachohitajika ili kulifikia. Katika kijitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Luther aliligeuza jambo hili upande wa pili: mtu ambaye suala la wokovu wake limekwisha malizwa na Mungu ana mikono mitupu, na kwa mikono hiyo anaweza kumhudumia jirani kwa ajili ya jirani.

Historia ya vyeti vya rehema, vilivyouzwa kama msamaha wa adhabu za dhambi, inajulikana, nitaipitia haraka. Albrecht, askofu mkuu wa Mainz, alikopa kwa benki ya Jakob Fugger wa Augsburg ili kulipia cheo chake. Mapato ya vyeti vilivyonadiwa na Johann Tetzel yaligawanywa: nusu kulipa benki, nusu kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Oktoba 31, 1517 Luther akatoa hoja zake 95 kuipinga biashara hiyo. Kinachosahaulika ni huyo mwenye benki. Mwaka 1521 Fugger alitia sahihi hati ya mtaa wa nyumba za maskini mjini Augsburg, Fuggerei, ambao upo hadi leo. Kodi ya mwaka ni senti 88 za euro, na wakazi wanatakiwa kila siku kusali Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki kwa ajili ya mwanzilishi na familia yake. Imekuwa zaidi ya miaka 500 ya sala kwa ajili ya tajiri mmoja. Siwezi kumcheka. Maskini wamepata paa, jambo ambalo wengi wetu wenye theolojia sahihi hatujawahi kulifanya. Lakini mtu mwenye fedha nyingi kuliko wote wa zama zake aliona bado hajatosheka, akaweka malipo ya kila siku yasiyo na tarehe ya mwisho. Daftari la Anselm ndivyo lilivyo.

Waprotestanti hupenda kuamini kwamba Wakatoliki hufundisha wokovu kwa matendo. Mtaguso wa Trento, uliokutana kumjibu Luther, ulitoa tamko lake juu ya kuhesabiwa haki Januari 1547, na kanuni ya kwanza kabisa inamlaani anayesema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Kristo. Tofauti ya kweli iko kwingine. Wakatoliki husema neema ikishamwingia mtu inambadilisha kweli, hata matendo yanayotoka humo yanakuwa na mastahili. Lakini, kama alivyofundisha Augustino, Mungu akiyatuza mastahili hayo anatuza zawadi zake mwenyewe. Walutheri waliliogopa neno mastahili kwa sababu walijua jinsi mtu anavyokwenda nalo sokoni. Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, mji wa Fugger, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, katika imani, bila stahili yoyote ya upande wake. Kati ya waliosaini alikuwemo Mwafrika, Ishmael Noko wa Zimbabwe, katibu mkuu wa Walutheri. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006 huko Seoul, na Waanglikana waliukubali msingi wake wakiwa Lusaka mwaka 2016. Ni washirika wangapi wa makanisa hayo hapa kwetu waliowahi kulisikia tamko hilo, ni swali ninalowaachia makatekista na wainjilisti.

Pingamizi zipo, na mbili ni nzito. Ya kwanza ni Yakobo, ambaye anasema imani isiyo na matendo imekufa na kumtumia Ibrahimu yule yule wa Paulo kuthibitisha. Katika dibaji ya mwaka 1522 Luther aliiita barua hiyo ya majani makavu, na nadhani alikosea. Yakobo anazungumza juu ya imani ambayo hata mashetani wanayo, ile ya kujua tu kwamba Mungu yupo. Paulo hakuwahi kufundisha kwamba imani hiyo inaokoa. Ya pili ni Mathayo 25, ambapo kondoo na mbuzi wanatengwa kwa kigezo cha kulisha wenye njaa na kutembelea wafungwa. Aya hizo zinanisumbua, na sioni kwamba zimekusudiwa kutuliza mtu. Ila tazama jambo moja: waliokubaliwa wanashangaa. Wanauliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa. Walikuwa wamesahau, au hawakuwahi kuhesabu. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya wasifu mfukoni.

Ipo pia pingamizi ya tatu, ya mtaani, kwamba ukiwaambia watu hivi watatenda dhambi kwa raha zao. Paulo aliulizwa hilo mapema akalijibu katika Warumi 6. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer naye mwaka 1937, Ujerumani ikiwa chini ya Hitler, aliandika kwa uchungu juu ya neema iliyofanywa kuwa bidhaa rahisi, ambayo Kanisa huigawa bila kumdai mtu amfuate Kristo. Aliuawa na utawala huo Aprili 1945. Zawadi kubwa humbadilisha anayeipokea. Aliyeipokea akabaki vile vile, kuna sababu ya kuuliza kama aliipokea.

Sisi tunaoishi na Waislamu tujihadhari pia na ulinganisho wa haraka, ule wa kusema wao hununua pepo kwa thawabu na mizani. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume anasema hakuna atakayeingia peponi kwa amali yake, hata yeye, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema. Tofauti halisi iko msalabani: Mkristo anasema deni lililipwa pale na mtu mmoja kwa niaba ya wote, na Mwislamu halikubali hilo.

Afrika Mashariki ilipata nafasi yake ya kulielewa fundisho hili kwa mwili na machozi. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Muganda Simeoni Nsibambi. Kutokana na urafiki wao na ushirika wa Gahini ulizuka uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, pamoja na wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, unaoimbwa mpaka leo. Waliitwa balokole, waliookolewa, na ndiko Kiswahili kilikopata neno mlokole. Nguvu ya uamsho huo ilikuwa katika kuungama hadharani. Mchungaji aliungama mbele ya mpishi wake, Mzungu mbele ya Mwafrika, na kwa dakika chache hakuna aliyekuwa na wasifu. Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho huo, alichaguliwa mwaka 1977 katika mkutano wa Dar es Salaam kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza.

Lakini mazoea ni mwalimu mkali. Katika ushirika mwingi kilichoanza kama shukrani kiligeuka kanuni: nywele, hereni, urefu wa sketi, nani anasalimia kwa "Bwana asifiwe" na nani amesahau. Wagalatia walirudi, safari hii bila tohara. Baadaye wakaja wanaouza. Mbegu hupandwa kwa bahasha, maji na mafuta ya upako yana bei. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini.

Na Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi. Kwa mujibu wa mashtaka na maelezo ya walionusurika, watu walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na ya watoto ilikuwa mingi. Yapo mengi ya kulaumu pale, serikali ikiwemo. Mimi kama mwanakanisa nauliza letu: watu wale walikuwa wamekaa miaka katika makanisa yetu kabla ya kwenda msituni, na hatukuwahi kuwafundisha, kwa namna ambayo wangeamini, kwamba Mungu hauzi mbingu kwa njaa.

Sina nia ya kuomba wasifu uachwe kusomwa makaburini. Waombolezaji wanauhitaji, na marehemu anastahili kukumbukwa. Naomba tu msomaji, siku nyingine utakapousikiliza, utege sikio kwenye vitenzi. Alisoma, alijenga, alichangia, aliongoza: hivyo ni vyake. Kisha sikiliza vile vya kutendwa. Alizaliwa. Alibatizwa, mara nyingi akiwa mchanga, amebebwa, analia au amelala. Ametwaliwa. Mbele ya hivyo vitatu marehemu hakufanya chochote, na karatasi yenyewe inakiri hivyo.